Kiatu cha Baniani

Watu wa pwani wana methali isemayo, Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Baniani ni jina walilopewa tangu kale wafanya biashara wa Bara Hindi walioshika dini ya Kihindu. Na methali yenyewe, msomaji, ina dharau nyingi kuliko tunavyokubali tunapoifundisha. Yasema hivi: mtu mwenyewe simpendi, lakini chake chenye kunifaa nitakitwaa. Nataka kukuonyesha ya kuwa methali hii ndiyo inayotutawala kila tunapotaja Holi, sikukuu ya Wahindu ya majira ya kuchipua, na kwamba hasara yake haiwaangukii Wahindu peke yao. Yakuangukia wewe uliye darasani Lodwar au Kakuma, mahali ambapo huenda hujapata kumwona hata mtu mmoja aliyepakwa rangi za Holi.

Holi huja kila mwaka mwezi ukiwa mpevu katika Phalguna ya hesabu ya Kihindu, yaani mwishoni mwa Februari au katika Machi. Mwaka 2025 moto wake uliwashwa usiku wa Machi 13, na rangi zikarushwa kesho yake. Usiku wa kwanza ndio usiku wa moto. Kuni hurundikwa uwanjani, hutiwa moto, na watu huuzunguka wakimwaga maji na kutupa ndani yake nazi, tende na bisi. Katika jamaa zenye asili ya Gujarat, ambazo ni nyingi Mombasa, Nairobi na Kisumu, mtoto mchanga aliyezaliwa tangu Holi iliyopita hupakatwa na kuzungushwa moto huo. Siku ya pili ni ya rangi: unga mwekundu, wa manjano, wa kijani, na maji yaliyotiwa rangi, ambayo zamani yalitengenezwa kwa maua ya mti uitwao palash. Siku hiyo mdogo humpaka mkubwa, na mtumishi humpaka tajiri, na hapana mwenye haki ya kununa.

Rangi hizi zimependwa duniani kote. Katika miji mikubwa vijana hulipa kiingilio, huvaa fulana nyeupe, hukimbia na kurushiana unga mpaka hawatambulikani, kisha hupigwa picha wakaenda zao. Moto haukununuliwa na mtu. Kisa kinachosimuliwa kando ya moto hakikuulizwa hata bei. Hicho ndicho kiatu cha Baniani: tumekitwaa, tumekivaa, na mwenye kiatu tumemwacha mlangoni.

Mpinzani wangu ataniambia, Usiache mbachao kwa msala upitao. Atasema ya kuwa Mturkana ana sherehe zake. Ana Tobong'u Lore inayokusanya watu Lodwar, ambayo jina lake ni wito wa kurudi nyumbani. Ana majira yake ya mvua, akiporo, ambayo kwake ndiyo kuchipua kwa kweli. Ana kisa chake cha Nayece. Atasema tena kwamba somo la dini ya Kihindu limo katika mtaala wa Kenya pamoja na la Kikristo na la Kiislamu, kwa hiyo wenye dini yao na wajifunze, na sisi tusisumbuliwe.

Neno hili lina nusu ya kweli, na nusu hiyo naikubali kwa moyo mweupe. Mtu asiyejua kisa cha Nayece hana sababu ya kukimbilia cha Prahlada. Lakini hebu tukitazame kisa cha Nayece chenyewe. Ni cha mwanamke aliyemfuata fahali wa kijivu kutoka upande wa Wajie, ambao leo wako Uganda, akishuka pamoja na mto Tarach, mto ule ule upitao Kakuma. Na vijana waliokuja wakimtafuta fahali wakamkuta mwanamke katika nchi yenye malisho, wakaipenda, na taifa likaanza. Wajie wanakisimulia, Waturkana wanakisimulia, na mpaka wa Kenya na Uganda haujapata kukizuia. Watu ambao asili yao yenyewe ni safari ya kuvuka mpaka hawawezi kusema kwamba kisa cha ng'ambo hakiwahusu. Kujifunza cha mwenzio si kukiacha chako. Mbacha haupotei kwa kuutazama msala.

Sasa sikiliza kisa chenyewe, maana wengi wanaokidharau hawajapata kukisikia.

Palikuwa na mfalme wa majitu, jina lake Hiranyakashipu. Ndugu yake aliuawa na Vishnu, ambaye Wahindu humwita mhifadhi wa ulimwengu, na tangu siku hiyo mfalme hakuwa na neno ila kisasi. Alikwenda mlimani akajitesa kwa miaka mingi, mpaka Brahma, muumba, akaridhika naye akamwambia aombe atakalo. Aliomba asife. Akaambiwa kwamba hilo halimo katika uwezo wa kutolewa. Basi, kama wakili aandikaye mkataba, akaanza kuiziba milango ya mauti mmoja mmoja. Asiuawe na mtu wala na mnyama. Asiuawe ndani ya nyumba wala nje yake. Asiuawe mchana wala usiku, ardhini wala angani, wala kwa silaha yoyote. Akapewa. Akarudi kwake akatangaza ya kuwa tangu siku hiyo hapana wa kuabudiwa ila yeye, na ulimwengu ukaitikia, kama ulimwengu uitikiavyo siku zote mtu asiyeweza kufa.

Mfalme huyo alikuwa na mwana, Prahlada, mwenye umri wa kwenda chuoni. Naomba uangalie sana mahali ulipoanzia ukaidi wa mtoto huyu: ulianzia shuleni. Kitabu cha kale kiitwacho Bhagavata Purana chaeleza kwamba alipelekwa kwa walimu wamfundishe mambo ya utawala, na jinsi ya kuwagawa watu katika marafiki na maadui. Siku moja baba yake alimpakata akamwuliza, Katika yote uliyojifunza, mwanangu, lipi lililo bora? Mtoto akajibu kwamba bora ni kumkumbuka Vishnu na kumtumikia. Mfalme alimsukuma chini kutoka mapajani. Walimu waliitwa, na jambo la kwanza walilolifanya ni kujitetea kwamba fundisho hilo halikutoka kwao. Jambo ambalo walimu wa tawala zote za namna ile wamelifanya tangu hapo. Na walimu walipotoka nje kwa shughuli zao, Prahlada aliwakusanya wanafunzi wenziwe waliotaka kucheza, akawafundisha lile lile alilokatazwa.

Baba akaamuru auawe. Tembo waliletwa wamkanyage, nyoka wamwume, akatupwa kutoka kilele cha mlima, akapewa sumu, akanyimwa chakula. Hakufa. Mwishowe, kwa masimulizi yapendwayo zaidi na watu, aliitwa Holika, dada yake mfalme, aliyekuwa na kinga ya moto. Wengine husema kinga hiyo ilikuwa ni vazi. Shangazi aliketi juu ya rundo la kuni, akampakata mtoto, na moto ukawashwa. Upepo ukavuma, vazi likamtoka Holika likamfunika mtoto. Mwenye kinga aliteketea, na asiye na kinga akatoka majivuni mzima. Kwa jina la mwanamke huyo sikukuu ikaitwa Holi.

Bado mfalme mwenyewe. Alimwuliza mwanawe kwa dhihaka kama mungu wake yumo hata katika nguzo ya jumba, na mtoto akasema yumo. Mfalme akaipiga nguzo. Ikapasuka, akatoka Narasimha, nusu mtu na nusu simba, ambaye si mtu wala si mnyama. Ilikuwa magharibi, saa isiyo mchana wala usiku. Alimkamata kizingitini, pasipo ndani wala nje. Akamlaza mapajani mwake, pasipo ardhi wala anga. Akamrarua kwa makucha, ambayo si silaha. Mkataba ulitimizwa, kifungu kwa kifungu, hata nukta yake haikuvunjwa. Na yule mtoto, badala ya kushangilia, aliomba baba yake asamehewe.

Husemwa mara nyingi kwamba maana ya kisa hiki ni ushindi wa wema juu ya ubaya. Sikubali kuachia hapo. Maneno hayo ni mapana kama jangwa la Chalbi, na kila mtu hupata nafasi ndani yake; hapana dhalimu ulimwenguni ambaye hajijui kuwa yuko upande wa wema. Kisa kinasema jambo jembamba na kali zaidi. Kinasema kuwa liko jambo moja ambalo mwenye nguvu hawezi kuamuru, nalo ni kile mtu akijuacho moyoni kuwa kweli. Anaweza kuamuru mwili uende, ukae, ufungwe, uchomwe. Ndiyo ya rohoni hawezi kuipata kwa amri, hata kama anayeikataa ni mtoto wake mwenyewe, tena mwanafunzi.

Ukiniuliza hilo linaihusu vipi Turkana, nitakujibu kwamba Turkana imepata kufanywa moto wa namna hii, na kuni zake zilikuwa ni joto na umbali.

Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilipotafuta mahali pa kuwaweka watu waliokataa kusema ndiyo, iliichagua nchi yako. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Jua lake lilihesabiwa kuwa askari, na mchanga wake kuwa ukuta. Tafakari tusi lililofichika humo. Nchi ambamo mama zako walizaa na kulisha ngamia na mbuzi ilitumiwa kuwa adhabu ya watu wa mahali pengine.

Mmoja wa wa kwanza kuletwa alikuwa mtu wa Punjab. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanya kazi, alidai hadharani Nairobi, mwezi wa Aprili 1950, uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, akapelekwa Lokitaung, kaskazini ya Turkana, na baadaye Maralal na Dol Dol. Hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Alizaliwa katika jamaa ya Makalasinga, si ya Wahindu, na Makalasinga wana mkutano wao wa siku hizo hizo za Holi uitwao Hola Mohalla. Simtaji kwa ajili ya dini yake. Namtaja kwa kuwa aliulizwa kwa miaka zaidi ya kumi na moja jambo lile lile aliloulizwa Prahlada, na jibu lake halikubadilika.

Baada yake walikuja watu wa kesi ya Kapenguria, waliohukumiwa Aprili 1953. Jomo Kenyatta alikaa Lokitaung mpaka 1959, akahamishiwa Lodwar, na kutoka Lodwar akapelekwa Maralal mwaka 1961. Katika mawakili waliosimama kuwatetea walikuwamo wenye asili ya Bara Hindi: Achhroo Kapila, Jaswant Singh, Fitz de Souza, na Chaman Lall aliyetoka India kwa kazi hiyo. Wakati huo ilikuwa rahisi kwa Mhindi wa Kenya kufunga duka lake na mdomo wake. Mwaka 2017 serikali ilipowatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi, watu wengine walicheka, kana kwamba watu hao walikuwa wameingia jana kwa mlango wa nyuma. Waliocheka hawakuijua Lokitaung.

Lakini kisa cha Holi ni kikali, hakimwachi mtu apumzike upande wa kushinda. Mwaka 1969 Achieng Oneko, mmoja wa wale sita wa Kapenguria, aliwekwa kizuizini bila kuhukumiwa, akakaa humo mpaka 1975. Aliyemweka hakuwa gavana wa Kiingereza. Ilikuwa serikali ya mwenzake wa kesi ile, mtu aliyeyajua majua ya Lodwar kwa ngozi yake mwenyewe. Kwa hiyo usidhani kuwa aliyetoka motoni jana hawezi kuwasha wake kesho. Hapa ndipo ninapogombana na wale wanaoisherehekea Holi kwa rangi peke yake: rangi zinampendeza kila mtu, hata Hiranyakashipu angezirusha kwa furaha. Moto ndio unaouliza umesimama wapi.

Twende sasa Kakuma. Kambi yake ilianza mwaka 1992, na wengi wa waliokuja kwanza walikuwa watoto wa kiume kutoka Sudani ya kusini, waliotembea kwa miguu mpaka Ethiopia, wakafukuzwa huko na vita mwaka 1991, wakatembea tena mpaka Kenya. Wengine walikufa kwa kiu, wengine mitoni. Watoto hao hawakuwa na vazi la Holika. Mwenye kukiona kisa cha mtoto anayetoka motoni kuwa hekaya ya Wahindi isiyomhusu, na amwulize mzee mmoja wa kambi ile jinsi alivyofika.

Baada yao wamekuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Wasudani wa Darfur na wengine. Kambi na makazi ya Kalobeyei yana watu zaidi ya laki mbili. Na hapo, msomaji, methali ya Baniani hutembea sokoni mchana kweupe. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 na tawi la Benki ya Dunia ulikadiria kuwa biashara ya mji na kambi ya Kakuma yapita shilingi bilioni 5 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba watu hawa wanahitajiana kila siku. Mwenyeji hununua sukari na nguo katika duka la Msomali au Mwethiopia, kisha hurudi nyumbani akisema hawa wageni wametumaliza. Mkimbizi hununua kuni, makaa na nyama ya mbuzi kwa mama wa Kiturkana, kisha humcheka kwa shanga zake. Kila mmoja amevaa kiatu cha mwenzake, na kila mmoja amesema mwenzake ni mbaya. Katika darasa lenye mataifa saba, mwalimu akisema kwamba kila mtu ajifunze kisa cha kwao tu, atakuwa amejenga kambi saba ndani ya kambi.

Sitaki uondoke ukidhani kwamba kila kinachofanywa kwa jina la Holi nakitetea. Wako watu India ambao huichukua siku hiyo kuwa ruhusa ya kuwapaka rangi na kuwashika wanawake wasiotaka, wakisema kwamba ni Holi, mtu asikasirike. Hao wamejiunga na jeshi la mfalme. Kumlazimisha mtu furaha ni kumlazimisha ibada.

Liko na swali zito zaidi, nalo limeulizwa na wanawake wa India na waandishi wa matabaka yaliyodharauliwa huko: kwa nini kila mwaka achomwe mwanamke? Holika alitumwa na ndugu yake mfalme. Mfalme mwenyewe hapati sanamu ya kuchomwa usiku ule. Wahindu wengi hujibu kwamba kinachochomwa ni kiburi, na mwanamke ni mfano. Jibu hilo lina uzito wake, lakini halinitoshi. Naona katika Holika mtumishi wa dola aliyeambiwa, Nenda, wewe una kinga, kitakachoungua ni kitoto tu. Askari waliolinda Lokitaung waliambiwa hivyo. Karani aliyepiga chapa hati za kizuizini mwaka 1969 aliambiwa hivyo. Walikuwa na vazi, na kazi yao waliiona kuwa ni kuketi tu. Hilo lanifanya nimwonee Holika huruma kuliko nimwoneavyo ghadhabu, na ningependa siku moja niwasikie wasichana wa Kakuma, ambao bibi yao wa asili ni Nayece aliyeongoza watu malishoni, wakibishana juu yake na wasichana wa Nairobi ambao bibi zao wameuzunguka moto ule tangu reli ilipojengwa. Sijui nani atashinda ubishi huo, na hilo halinisumbui.

Basi ninachowadai walimu wenu si unga wa rangi. Unga utaisha kwa saa moja, na maji ya kuogea Lodwar si ya kuchezea. Nawadai kipindi kimoja cha mwezi Machi, wakati mchanga wa Turkwel ungali mkavu na watu wanatazama mawingu ya akiporo, wakisome kisa cha Prahlada na kisa cha Nayece siku moja, katika chumba kimoja, mbele ya wanafunzi wa mji na wa kambi. Kama mwalimu ataona haya kuanza, mwanafunzi na aanze walimu watakapokuwa nje. Mmoja alikwisha kufanya hivyo.